Kidole hakijasoma, rudia tena

Mbukwenyi wadau, ni muda sijaandika, mtanisamehe.

Wiki kadhaa zilizopita nilikuwa nimekaa pale Nyerere Square namsubiri jamaa aliyeniambia yupo njiani, na nyie mnajua "nipo njiani" ya mtu wa Dodoma inamaanisha ndo anatafuta viatu. Jua la saa nane, sina kazi, nikaanza kuchezea simu, nikapiga *106# nikafuata menyu kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Kwenye ule mtandao mimi nina laini moja tu tangu naanza kazi. Zikaja tatu.

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikapiga tena, tatu. Namba mbili sizijui kabisa, sijawahi kuziona, ila kwa mujibu wa mfumo hizo ni zangu, yaani mtu akizitumia kuandika "ile hela tuma kwenye namba hii" basi mtumaji ni mimi, mwenye picha yangu na jina la babu yangu.

Nikakaa nikikumbuka, ikanijia. Kile kipindi cha mwisho wa 2019 kuingia Januari 2020, mnakumbuka, ilikuwa usipofika kuweka alama za vidole laini inazimwa, foleni kila kona, na mimi nilisajilia kwa kijana mmoja wa mwavuli jirani na soko la Majengo. Nikaweka kidole. Akasema hakijasoma bro, rudia tena. Nikarudia. Akasema kina jasho, futa kwenye suruali, rudia. Nikafuta, nikarudia, nikamshukuru na kumuachia buku ya soda kwa uvumilivu wake, yaani nilimlipa kabisa. Na huko kurudia-rudia kumbe kila mara kilikuwa kinasoma vizuri tu.

Nilienda ofisini kwao kulalamika, sitaji ni kina nani. Dada wa dirishani alikuwa mpole sana, akaangalia kompyuta akaniambia, "Kaka, hapa inaonesha ulisajili mwenyewe, kwa kidole chako." Na hakudanganya! Ndo kitu kilichoniuma, kwamba mfumo ulikuwa sahihi asilimia mia. Zilifungwa baada ya siku kumi na kitu na barua mbili.

Tangu hapo kuna kitu kinanisumbua na ndo nataka nikiseme leo. Sisi huku namna yetu ya kuthibitisha kwamba "mimi ni mimi" ni kumpa mtu kitu chenyewe. Lodge wanataka kitambulisho, wanakiandika kwenye daftari ambalo mgeni anayefuata analisoma wakati anajiandikisha. Kuomba mkopo, fotokopi. Kupanga chumba Nkuhungu, fotokopi. Kusajili laini, kidole. Kila ukijithibitisha unaacha kipande chako, na anayebaki nacho anaweza kukitumia kujithibitisha yeye kwamba ni wewe. Ni kama nyumba ambayo kila mgeni akibisha hodi unampa nakala ya funguo ili ajue kweli nyumba ni yako. Na paswedi angalau ikivuja unabadilisha, kidole utabadilisha na nini, unavyo kumi tu na kile cha mwavuli kimeshaliwa.

Sasa watu wa hesabu walishalitafutia hili dawa tangu 1976. Na ninaposema kriptografia, yaani hesabu za kuficha na kuthibitisha ujumbe, watu wanafikiria mambo ya majasusi au bitcoin za matapeli, subirini nieleze kwa njia yangu.

Mzee wangu alikuwa mwalimu huko Kongwa, na barua zote za familia zilipitia S.L.P. ya shule, sanduku la posta. Vijana wa juzi hamuwezi kuelewa. S.L.P. ni kitu kizuri sana ukiifikiria, namba yako unampa kila mtu, unaiandika hata ukutani, haina madhara, yeyote anaweza kukuandikia lakini mwenye funguo ya kuchukua ni mmoja. Namba ya wazi, funguo ya siri. Hilo wazo ndo Whitfield Diffie na Martin Hellman walilitoa 1976 kwa upande wa kompyuta, kwamba unaweza kuwa na funguo mbili zinazoshirikiana, moja ya wazi unaigawa kama njugu, nyingine ya siri haitoki kwako milele, na kinachofungwa na ya wazi kinafunguliwa na ya siri tu. Kabla ya hapo ukitaka kuandikiana siri na mtu lazima kwanza mkutane mpeane funguo moja mnayoijua wote, kama sisi shule ya msingi tulivyokuwa tunaongea kinyume, chakula unasema "lachaku", mpaka siku mwalimu alipojibu kwa kinyume darasa zima likanyamaza. Kinyume tatizo lake siri iko kwenye mtindo, ukishajulikana umekwisha. Kuna Mholanzi anaitwa Auguste Kerckhoffs alishaandika tangu 1883 kwamba mfumo mzuri ni ule ambao adui akiujua wote bado haumsaidii kitu, kinachotakiwa kufichwa ni funguo peke yake.

Mwaka uliofuata, 1977, Rivest, Shamir na Adleman wakapata hesabu ya kuliweka hilo wazo kwenye vitendo. Msingi wake hata mtoto wa darasa la saba anauelewa. Chukua 61 zidisha mara 53 unapata 3233, kazi ya nusu dakika. Sasa mpe mtu 3233 mwambie atafute ni namba gani mbili zilizidishwa, atahangaika. Fanya hivyohivyo kwa namba yenye tarakimu 617, ambao ndo ukubwa wa kawaida wa funguo za aina hiyo, na kompyuta zote tulizonazo zitazeeka hazijapata jibu. Ile namba kubwa ndo unaigawa, zile mbili zilizoizaa zinabaki siri yako. Kinachochekesha ni kwamba Mwingereza mmoja, Clifford Cocks, alikuwa amelipata jambo hilohilo 1973 akiwa kwenye idara ya usikilizaji ya serikali yao, wakalifungia kabatini mpaka 1997. Miaka ishirini na nne unamuona mwenzako anasifiwa kwa kitu chako na huruhusiwi kukohoa, mimi ningepasuka.

Ila S.L.P. ina kasoro moja ambayo mzee aliigundua mapema. Lile boksi kwa mbele lina kufuli, kwa nyuma liko wazi, mtu wa posta ndo anapangia barua kutokea huko. Na ya shule ndo usiseme, barua zilikuja zimefunguliwa, za dada zangu zilisomwa na walimu kabla yao wenyewe. Kwenye mitandao ni vilevile, kufuli utakaloliona kwenye brauza linafunga njia kati yako na wenye seva, huko ndani kwao wanasoma kama barua ya wazi. Dawa ni kufunga bahasha yenyewe, aliyenayo njiani, mwenye posta, mwenye shule, wote wabebe tu. Ndo hiyo wanaita usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, WhatsApp waliukamilisha kwa watumiaji wote Aprili 2016, wakitumia mfumo wa watu wa Signal, programu nyingine ya meseji. Meseji za kawaida za SMS hazina hiyo kitu, hilo tulijue, SMS ni postikadi.

Halafu hata bahasha ikifungwa, mtu wa posta bado anaona nje: nani kamuandikia nani, lini, mara ngapi. Ukipokea bahasha tatu kwa wiki kutoka kwa mtu mmoja wa Iringa, hahitaji kuzifungua kujua una mchumba.

Hapa ndo ningependa niseme hivyo basi tupo salama, tatizo likaja la mjomba.

Mjomba wangu yupo Mpwapwa, mstaafu, analima karanga. Asubuhi moja nikapata ujumbe WhatsApp kwake, "Mjomba habari za Dodoma, nimekwama hospitali naomba nisaidie laki mbili Ijumaa narudisha." Mimi na mjomba tunaitana mjomba wote wawili kwa hiyo hapo aliyeandika alifanya kazi yake vizuri, alisoma chati za nyuma au alibahatisha sijui. Kilichonishtua ni kwamba mjomba HAANDIKI. Mjomba anatuma sauti, dakika nne, ya kwanza nzima ni salamu na majogoo. Nikampigia laini ya kawaida, akapokea yupo shambani mzima wa afya, hajui kitu, anasema WhatsApp imejitoa tangu jana baada ya binti mmoja kumpigia kwa heshima zote, "Shikamoo baba, nimekosea nikaingiza namba yako, kuna namba sita zimekuja kwako naomba unisomee." Akamsomea. Alimsomea taratibu na kurudia ili asikosee. Kumbe zile ndo namba za kuhamishia WhatsApp yake kwenye simu nyingine. Mama mdogo alikuwa ameshatuma laki mbili.

Sasa tafakari hapo. Usimbaji ulifanya kazi yake siku nzima bila kosa. Ule ujumbe wa mwizi ulifungwa bahasha safi, hakuna aliyeuchungulia njiani, ukafika kwangu salama salmini. Bahasha haijui aliyeshika kalamu ni nani. Watu wengi wakisikia "imesimbwa" wanadhani maana yake ni kweli au ni salama, hapana, maana yake ni kwamba hakuna wa katikati aliyesoma, basi.

Lakini onyo lilikuwepo na hili ndo linaniuma mpaka leo. Mwizi alipohamishia akaunti kwenye simu yake, funguo za mjomba zilibadilika, na WhatsApp ina sehemu kwenye mipangilio ya usalama ambayo ukiiwasha inakuambia kila funguo za mtu zikibadilika. Mimi ninayejifanya najua haya mambo sikuwa nimeiwasha, mama mdogo ndo hata hajui ipo. Tulipomrudishia akaunti yake tukaweka ile namba ya siri ya ziada, halafu nikamlazimisha tufanye kile kitu ambacho hakuna mtu anafanya, kulinganisha zile tarakimu sitini zinazotokana na funguo zetu wote wawili, makundi kumi na mawili ya tano tano, unaingia kwenye jina la mtu unazikuta. Nikampigia simu ya kawaida, sauti yake naijua, akaanza kusoma kama anatangaza matokeo ya uchaguzi wa kijiji, "Kundi la kwanza!..." Akifika la sita mbuzi wanaingia kwenye karanga, tunaanza upya. Lakini zilipolingana zote, kwa mara ya kwanza nilijua kwa hakika kwamba simu iliyopo upande wa pili ni ile iliyo mkononi mwake, na hakunipa kidole wala fotokopi. Na hata kama mtu alikuwa anatusikiliza hizo namba zote sitini hazimsaidii chochote.

Ndo nusu ya pili ya ugunduzi wa 1976 ambayo mimi naiona kubwa kuliko ile ya siri. Zile funguo mbili ukizigeuza zinakuwa sahihi, yaani saini. Unasaini kwa funguo yako ya siri, na yeyote mwenye funguo yako ya wazi anahakiki kwamba ni wewe na kwamba hakuna herufi iliyoguswa, ila hawezi kusaini kama wewe hata akiwa na sahihi zako elfu. Fananisha na muhuri. Huku kwetu mji wa serikali, grupu zote zimejaa barua zenye nembo na muhuri, nafasi za kazi, tangazo la usaili Mtumba, na nusu yake feki kwa sababu muhuri unachongwa pembeni ya barabara kwa bei ya sahani ya nyama choma Msalato. Ofisi ingeweka funguo yake ya wazi mahali panapojulikana na kusaini kila tangazo, simu yako ingekuambia papo hapo hii yao, hii si yao. Hesabu zake zina umri mkubwa kuniliko.

Mfano mzuri ni wa yule aliyejiita Satoshi Nakamoto, aliyeleta bitcoin 2008. Hakuna anayejua sura yake. Akaja Craig Wright, Mwaustralia, akadai kwa miaka ndo mimi. Watu hawakumuomba pasipoti, walimwambia kitu kimoja: saini kwa zile funguo za mwanzo. 2016 akaweka mtandaoni kitu akasema ni sahihi, watu wakaipekua wakakuta imenakiliwa kutoka kwenye muamala wa zamani wa 2009. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Uingereza ikasema huyu siye. Mtu asiyejulikana jina ana utambulisho imara kuliko wangu mimi mwenye NIDA, hakuna mwavuli unaoweza kusajili Satoshi wa pili.

Na hapa ndo suala la kusema linapoingia. Kwenye grupu la mtaa wetu kuna mtu aliuliza kwa adabu tu, michango ya takataka tunalipa kila mwezi na gari hatulioni, hela inaenda wapi. Ndani ya saa moja alishapigiwa na watu watatu. Namba yake ilionekana, namba ni laini, laini ni NIDA, NIDA ni jina, kazi na kidole. Tangu usajili ule, kuongea kwenye grupu ni sawa na kusimama mkutanoni umevaa kitambulisho chenye anuani ya nyumbani. Wengine mtasema kama huna baya unaficha nini. Bibi yangu hakuwa na baya lolote na alikuwa anafunga mlango wa bafu. Grupu sasa hivi ni salamu za asubuhi na maua tu, na gari la takataka bado hatulioni.

Funguo zinaruhusu kitu cha katikati: usijulikane wewe ni nani lakini ijulikane kwamba anayesema leo ndo aliyesema mwezi uliopita na hakukosea. Si kama karatasi ya usiku inayobandikwa ukutani, maana huyu anajenga jina na akidanganya linaharibika.

Wanaohifadhi mazungumzo nao wana upande wao. 2016 hiyohiyo, mwaka mmoja, kulitokea mambo mawili ambayo huwa nayaweka pamoja kichwani. Marekani, Signal waliletewa amri ya kutoa taarifa za watumiaji, wakatoa walichonacho: tarehe akaunti ilipofunguliwa na tarehe ya mwisho kuunganishwa, vingine havipo, hawavitunzi. Hapa kwetu Desemba, Maxence Melo wa JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, akakamatwa, akafikishwa mahakama ya Kisutu, na kati ya mashtaka ni kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa za wachangiaji, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Yeye alizilinda kwa kifua chake na kesi zikamzungusha kwa miaka. Namheshimu sana. Lakini ulinzi unaotegemea kifua cha mtu mmoja ni mzigo mkubwa mno, ni heri usiwe nacho kabisa cha kutoa.

Sisemi sheria hazipo. Katiba Ibara ya 16 inataja faragha, ya 18 inataja maoni na kutoingiliwa mawasiliano, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi Mei 2023. Oktoba ya mwaka huohuo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakataka wanaotumia VPN, ile njia ya kujificha mtandaoni, wajisajili na kutoa anuani zao za IP, namba zinazokutambulisha huko. Yaani pazia ruksa, ila utuachie tundu. Na mwizi wa mjomba naye ananufaika na bahasha zilezile, najua, mama mdogo ananikumbusha kila nikianza kuhubiri. Polisi wana kazi ngumu kweli. Ila yule binti hakupita kwenye usimbaji, alipita kwenye ukarimu wa mjomba na laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine, huenda changu!

Bekapu za WhatsApp, kabla sijasahau, chati inafungwa lakini nakala inayopanda kule juu mtandaoni haifungwi kivile mpaka uwashe mwenyewe, hiyo sehemu ya kuwasha ipo tangu 2021. Na Signal tangu 2024 unaweza kumpa mtu jina badala ya namba yako. Mengine niulizeni.

Mimi kwa sasa nimeanza kautaratibu. Juzi kuna ofisi hapa mjini walitaka fotokopi ya kitambulisho, nikaingia steshenari moja Makole, ikatoka, nikachukua kalamu nikaandika katikati, juu ya namba na picha, kwa mshazari, NAKALA YA OFISI FULANI TU na tarehe. Dogo wa mashine akanitazama, "Broo unaichafua, hawataipokea hiyo." Nikamwambia wasipoipokea nitarudi.

Walipokea. Mama wa dirishani aliigeuza mara mbili, "Na hii ndo nini tena mwanangu?" nikamueleza, akacheka sana, akaniambia we umesoma wewe, akaiweka juu ya rundo la wengine pembeni ya dirisha, pale karibu kabisa na mkono wangu. Ya chini yake ilikuwa imetokeza nusu. Ya mzee mmoja wa Chamwino, namba yote inasomeka.